Samahani Nimechele

Debiti hukaa kushoto, krediti kulia:
ndilo somo la kwanza la Bi. Braithwaite
Jumatatu ile ya Septemba, mvua ya Bradford ikigonga vioo
kama mdai asiye na haya.
Wiki ya pili mimi nikawa upande wa krediti,
chooni, ghorofa ya nne, bomba nimelifungua
maji ya kampuni yanisitiri.
Nilikuwa nimemlipa mwuza mabomba mara mbili.
"Hata mimi, mwaka themanini na tisa,"
alisema, akanipa tishu na penseli.
"Wino uache mpaka uizoee aibu."

Mwanagenzi wa Fedha. Kadi ya mlangoni yasema hivyo
chini ya picha, chini ya Sikujua Kombo.
Gareth wa mishahara aliuliza maana ya jina, nikamwambia.
"Basi wakaguzi wakija," akasema,
"wewe usijitambulishe."

Februari tulipofunga vitabu nikapewa akaunti ya mashaka,
pipa la fedha zisizo na mwenyewe:
mtu kalipa maji, hakusema yeye nani.
Safu, safu, safu. Halafu hii:
paundi kumi na mbili, kila tarehe ishirini na nane,
miezi kumi na minne,
M FERUZI
SAMAHANI NIMECHELE

"Hiyo? Tulidhani ni msimbo wa mashine," Gareth alisema.

Benki hutoa nafasi kumi na nane, haikopeshi ya kumi na tisa.
Palipotakiwa namba ya akaunti
yeye aliandika radhi,
na benki ikaikata *wa*.
Nikahesabu kwa vidole chini ya meza, kama darasa la sita, Wete:
sa-ma-ha-ni ni-me-che-le.
Mizani nane. Kipande kamili.
Mkasi nao una sikio.

Hakuna Feruzi kwenye mfumo. Nilitafuta hadi saa ya chakula,
kisha nikaacha kutafuta kwa macho.
Nikalitamka jina kama mtu aliyesimama njiani, simu inaisha chaji,
nikalipokea kama kijana wa huduma kwa wateja,
chai yake inapoa, foleni ya simu inamsubiri:
Ferusy. Pharoozie.
Fay Roosey.

Bi. Fay Roosey, Manningham, juu ya duka la mapazia.
Barua tatu za onyo. Ya nne, ya wino mwekundu,
ilikuwa trei ya pili inangoja saini.
Miezi yote hiyo alilipa, akatuomba radhi,
nasi tukamtisha kwa karatasi nzuri.

Kushoto nimeandika, mashaka yakaondoka,
kulia nikaliweka, jina lake likafika,
barua ikachanika, deni likasawazika,
hesabu ikanyooka, samahani nimechele.

Mia na sitini na nane, kamili. Bi. Braithwaite alitia saini,
akaniangalia juu ya miwani.
"Umejuaje?"
"Sikujua," nikasema, na kwa mara ya kwanza
halikuwa jina wala kosa. "Nilisikia."

Tulimwandikia. Aya ya kampuni, nembo ya kampuni,
namba yake mpya kwa herufi nene, *tafadhali itumie*.
Machi, tarehe ishirini na nane, nilifungua taarifa ya benki
kabla sijavua koti:
paundi kumi na mbili.
M FERUZI.
Yale yale.

Hakuchelewa hata siku moja, nimekagua.
Kila mwezi naihamisha kwa mkono, dakika tatu,
na kwenye fremu ya kompyuta nimebandika kikaratasi
chenye silabi moja, kwa penseli: *wa*.
Gareth akauliza ni neno gani hilo.
Si neno, nikamwambia.
Ni baki.