Kivuli cha Miguu Mitatu

Faili limeletwa kwenye flashi yenye nembo ya ubalozi.
Chapa, wamesema, mita mbili kwa tatu,
maonyesho ni Alhamisi, ukumbi wa halmashauri,
kutakuwa na wageni.

Mimi Chilumba, mpiga picha wa Rahaleo, Lindi,
za pasipoti, za maulidi, za kitambulisho cha korosho,
nawajua watu kwa masikio kuliko majina.
Nikafungua.

Wanaume saba na mti mmoja.
Juu ya mti sitasema zaidi.
Chini, mwandiko wa kalamu ya kale,
na tafsiri iliyobandikwa juzi: *Wenyeji. Lindi, 1906.*
Wenyeji!
Kwetu mwenyeji ndiye anayekutolea maji ya kunawa,
anakuuliza habari za safari.

Nikavuta karibu, asilimia mia nne.
Wa tatu kutoka kushoto
ana ndewe za Bi Somoe,
yule anayeuza ming'oko mlangoni pangu.
Simwiti aje aone.
Aliniambia mara moja tu, akipima kwa kopo:
"Leo mnaila kwa chumvi na pilipili.
Bibi yake mama aliila kavu, mwaka wa kuchomwa maghala.
Waliojua kuchimba ndio sisi."
Akanirudishia chenji.

Halafu nikakiona.
Ukingoni mwa picha, juu ya mchanga, kivuli:
miguu mitatu ya stendi, na mtu ameinama,
kitambaa kichwani, jua la asubuhi mgongoni.
Kimetambaa hadi chini ya nyayo zao.
Nyayo hazikigusi.

Simu ikalia. Kijana wa ubalozi, mpole,
Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu:
"Bwana Chilumba, ile sehemu ya chini ikate,
inachafua picha."
Nikamuuliza, na hotuba?
"Ya masikitiko. Neno *fidia* halimo,
limejadiliwa miezi minane."
Nikasema, haya.

Usiku umeme ulikuwepo, ajabu.
Mashine ikaanza na anga, ikashuka na matawi,
ikachelewa sana kwenye nyuso,
na ilipofika mchangani wino mweusi ukaisha.
Nikaweka katriji mpya.

Sikukata.
Sentimita arobaini za karatasi ziko juu yangu,
ila kwenye risiti nimeziandika, mstari wa mwisho,
kwa herufi kubwa, wazisome wakilipa:
KIVULI, KIMOJA. SHILINGI SIFURI.
KINADAIWA.