Lango Wazi

Walibandika karatasi kwenye nguzo ya stima:
Alhamisi, saa tisa, mazoezi yako wazi kwa umma.
Umma ndio mimi,
na mama wa mahindi, na watoto wawili waliotoroka tuisheni,
na korongo saba juu ya nguzo ya taa,
mabega juu, kama walimu wanaosubiri mshahara.

Miaka sita nimeitazama timu ya chuo hiki kupitia waya,
jicho moja kwenye tundu, koo likifanya kazi.
Leo bawabu ananiambia, Pita, mzee,
nami nasita, navifuta viatu
kana kwamba naingia sebuleni kwa watu.

Manyunyu ya Julai. Udongo mweusi wa South B,
ukiukanyaga unadai kiatu.
Ninaujua. Ni mimi fundi wa pale kando ya petroli,
nusu ya daluga zinazokimbia hapa
zimewahi kulala mapajani mwangu.

Sikujua mpira una kimya namna hii.
Hakuna bao. Hakuna mwamuzi wa kutukanwa.
Kocha Wanyangu, filimbi mdomoni kama kijiti cha meno,
ana neno moja tu: Rudia.
Sironka anakosa krosi. Rudia.
Abdikheir anapiga, mpira unapaa, korongo mmoja anahama. Rudia.
Mara kumi na nne, nilihesabu, kona ile ile,
na mwenzenu, aliyezoea dakika tisini na kelele,
hajui apige makofi wapi.

Nilipiga mara moja. Wote wakageuka.
Nikajifanya naua mbu.

Saa kumi na moja wakatawanyika, koni kwapani,
isipokuwa golikipa.

Yule. Muthengi.
Ambaye mwezi Mei, nusu fainali, mpira ulimteleza
kama sabuni ya hospitali,
nami nyuma ya waya nikampa jina,
Mikono-ya-Siagi!
na uwanja mzima ukalidaka jina hilo
vizuri kuliko yeye alivyoudaka mpira.
Likamfuata mpaka kantini. Nilisikia. Nilijivunia.

Sasa yuko peke yake na gunia la mipira.
Anaupiga ukutani, unarudi, anaudaka.
Anaupiga, unarudi, unamponyoka,
anaufuata matopeni kwa magoti.
Kocha ameshaenda zake. Midomo yake mwenyewe
naiona ikisema lile neno.

Mpira mmoja ukabingiria mpaka miguuni pangu.
Ningeuacha. Niliuokota,
mzito kwa maji, mshono mmoja umefumuka.
Nikaziona na glavu zake:
kidole gumba cha kulia kiko nje, kinapigwa na baridi.

Leta hizo, nikasema, nitazishona. Si kwa pesa.

Akasimama. Hakunitazama usoni, aliinamisha kichwa
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.
"Sema tena."
Nitazishona.
"Hiyo sauti," akasema, "naijua."

Mama wa mahindi alikuwa akizima jiko, moshi umelala chini.
Koo hili halijawahi kukosa neno.
Lilikosa.

Akavua glavu ya kulia,
kisha ya kushoto, ingawa ilikuwa nzima,
akanipa zote mbili, zina joto bado.
"Jumamosi tuna mechi. Saa nane."
Akarudi golini, mikono mitupu,
akaniashiria kwa kidevu: piga.

Miaka sita nimewafundisha watu kupiga mpira.
Nikarudi hatua tatu, nikaja, nikapiga.
Ukapita mbali na mlingoti, ukapita bendera ya kona,
ukatua kwenye ndoo ya mahindi.

"Rudia," akasema Muthengi.