Kiungo kwa Mkopo

Ukungu wa Rovigo umemeza magoli yote mawili.
Ruggero, miaka ishirini, jezi namba nane,
anaomba mpira kwa sauti tu.

Huu msimu wa tatu anaazimwa:
Lecco, kisha Potenza, sasa hapa,
kama ngazi ya jirani
inayorudishwa na matope.

Kiungo, wanamwita.
Na kiungo ndicho kilichomsaliti Februari ile,
goti la kushoto, likalia kama kijiti kikavu.

Mama yake, Ornella, anayekanda mikate usiku,
hakuuliza atarudi lini uwanjani.
Aliuliza: unakula?

Dakika ya themanini na moja. Pasi fupi,
ya nyuma, salama. Hakuna aliyeshangilia.
Goti limenyamaza.
Anaomba tena.