Zamu ya Bani, Usoke

Usiku huu tumbaku inataka moto mdogo,
wa kubembeleza. Nimesukuma gogo moja ndani,
nimefungua daftari juu ya goti.

Saa nne: dudumizi, bondeni, mtungi ukimiminwa
mpaka tupu. Kesho mvua.
Saa sita: kirukanjia. Huyu hana kituo,
ni cherehani ya mama Kabula
inayoshona shuka lisilo na pindo.
Saa saba kasorobo: kitambaa kimechanika
hewani, juu ya bati. Nimeandika "bundi mweupe",
nikavuta kanga shingoni hata hivyo.

Aliyenifundisha ni Mihayo.
Tulilinda mabani mawili, lake na letu,
na giza la hatua mia kati yetu.
Tochi alikataza: "Ukimmulika
utamwona ndege, sauti utaipoteza."
Akanyamaza; kisha nyuma ya miombo
chekeamwezi akacheka, nami nikaandika,
na asubuhi Mihayo akacheka vilevile.
Kurasa ngapi nimezijaza uongo wake!

Msimu uliopita mizani ya chama ilimnyima kilo.
Akaenda Mpanda, hakuaga bani wala mtu.
Lake limebomoka, nyasi zimeota mlangoni.

Saa tisa na robo. Upande uleule,
chekeamwezi: anapanda, anapanda, anashuka,
na pale mwisho
anakohoa.

Ndege gani amevuta moshi wa mabani miaka kumi?
Naandika: chekeamwezi, mmoja.
Kalamu siifuniki. Tochi siwashi.