Tundu la Kamba

Mlinzi anataka kitambulisho, kisha anataka hela ya maji,
kisha anatufungulia, mimi na mpwa wangu Fanueli.
Anaitwa Kassiani. Amelinda hapa miaka sita
na hajawahi, anasema, kukalia hata kiti kimoja.
"Vina kunguni?"
"Vina wenyewe."

Nje, Mtaa wa Sokoine unapiga honi.
Humu ndani joto la Dar limekaa limekunja nne
tangu enzi za Mjerumani, wala halina haraka.
Darini wamechorwa malaika wanene,
mmoja kichwa kimebanduka na plasta.
Jukwaani, marobota ya mitumba
na mabango ya uchaguzi uliopita, uso juu ya uso.

"Huku walikaa mabwana," Kassiani anaonyesha kwa tochi,
"huku wake zao. Sisi sasa..."
Tochi inazimika. Anaipigapiga pajani.

Sikuja kwa ajili ya viti.
Nimekuja kutafuta tundu.

Bibi alikuwa na wimbo usio na maneno.
Aliuvumisha puani akichambua mchele,
akibembeleza vitukuu, akisubiri majibu pale Muhimbili.
Ulipanda, ukapanda, ukafika mahali pa kulia,
ukakatika.
Miaka yote, palepale.
"Mwisho wake uko wapi, Bibi?"
"Baba hakuufikia."

Baba yake, Likokola, alikuwa na miaka kumi na miwili
alipopewa kazi ya kupepea.
Si pangaboi. Turubai pana kama jamvi la msikitini
lililoning'inizwa juu ya vichwa vya wakubwa,
kamba yake ikapenya ukuta hadi chumba cha nyuma
alikoketi mtoto gizani, kitanzi kwenye kidole gumba cha mguu:
vuta, achia, vuta, achia,
ili mwanamke wa Ulaya afe huku akiimba
na watu wamlilie bila kutokwa na jasho.
Alikuwa mgumu kufa, Bibi alisema.
Kila Jumamosi. Na Baba hakumwona uso.

Jumamosi moja usingizi ukawapitia wote wawili,
yeye na Chingwele wa kamba ya pili.
Turubai likasimama. Wimbo haukusimama.
Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Hamsa ishirini.
Hesabu hiyo watu waliijua kwa mgongo
kabla shule haijawafundisha kwa chaki.
Likokola alifika ishirini na tano.
Chingwele hakufika.

Bibi hakuwahi kusema zaidi ya hapo.
Alirudi kwenye mchele wake.

Tunalipata nyuma ya kabati la rangi zilizoganda.
Chumba ukubwa wa choo. Tundu liko usawa wa kifua changu,
limezungushiwa mbao, na upande wa chini wa mbao
kamba imechimba mfereji.
Natia kidole. Ni laini
kama mdomo wa mtungi ulionywewa na ukoo mzima.

Nainama, nachungulia. Nilidhani nitaona jukwaa.
Haonekani mtu, hakionekani kiti.
Anaonekana malaika mmoja tu,
yule asiye na kichwa.

"Shangazi," Fanueli ananong'ona, simu mkononi,
"siku hizi ukiivumishia, inakutajia wimbo wowote,
jina, mwaka, mpaka mwisho wake."
Basi navumisha. Unapanda, unapanda,
unafika. Nakata.
Simu inatafuta. Kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Kuta za Mjerumani zina unene wa dhiraa;
mtandao haupiti. Kamba tu ndiyo ilipita.

"Tutoke nje tujaribu tena?"
Namwambia aizime.

Kassiani ameegemea mlango.
"Ndio umeisha?"
"Hapana. Ndipo tulipofika."

Anafunga makufuli matatu, anatusindikiza hadi getini,
funguo zikimgonga kiunoni,
na puani anavumisha, bila kujijua,
anapanda, anapanda,
naye anakwama palepale.