Jozi

Kwa Kiswahili jozi ni kokwa ya mjozi,
na jozi ni viwili vinavyokwenda pamoja,
kama viatu, kama ng'ombe wa plau.
Nilimwambia hivyo Clement Ogden, bosi wangu.
Alicheka, akaliandika neno kwa penseli ukutani
kati ya vipimo vya shingo na bei ya gundi.

Hapa Todmorden mvua haina msimu.
Karakana iko juu ya mfereji, ghorofa ya pili
ya kiwanda kilichokuwa kikifuma pamba,
na mashine ya kukausha hewa hunguruma usiku kucha
mbao zisije zikavimba kwa kiburi.

Mjozi wa Bi Garside ulianguka nyuma ya jiko lake.
Hakutaka kuni. Alitaka gitaa:
mgongo, mbavu, uso wa kichwa, daraja,
vyote tumbo moja.
Miaka sita mbao zimelala rafuni, vijiti katikati,
tukizigeuza kama mgonjwa asiote vidonda.

Leo mgongo tumeufungua kama kitabu.
Ukurasa wa kushoto una moshi,
wa kulia una moshi ule ule
ukipeperukia upande wa pili.
Mbavu zimekubali moto, zimepinda.
Ila kichwa.
Kipande tulichokiwekea akiba kina ufa
mwembamba, wa kuingia ndani,
kama uongo wa kwanza.

Tukapekua.
Mjozi wa Amerika: mweusi mno, chai iliyosahauliwa motoni.
Mjozi wa mlango wa kabati: umekunywa vanishi miaka mia,
haukumbuki tena rangi yake.
Wa tatu ulikuwa sawa kabisa, ukiwa mkavu.
Nikaupaka spiriti kwa ncha ya kidole,
ukaiva wekundu, ukajitangaza mgeni.

Clement akasema, nani ataona?
Nikasema, mimi.
Miaka saba mjini humu naulizwa natoka wapi hasa;
nalijua jicho linavyosita
mahali pasipolingana.

Penseli ikaanguka. Nilipoinama kuiokota
nikaiona kabari ya mlango:
ndefu kama kiatu cha mwanamume,
imekula matope, imekanyagwa na buti za tarishi.
Niliikata mwenyewe, wiki ya kwanza kazini,
kutoka kitako cha mti huo huo,
kabla sijaaminiwa mbao za maana.

Nikairanda. Chini ya uchafu, moshi.
Nikaigonga kwa kifundo cha kidole, nikaugonga mgongo:
mmoja mdogo, mmoja mkubwa, sauti za ukoo.
Msumeno ukatoa kipande chembamba kama biskuti,
kikalala kichwani bila kubishana.

Bi Garside alikuja Alhamisi, mwavuli wake umevunjika mbavu mbili.
Akapitisha kiganja mgongoni, akapanda shingoni, akafika kichwani.
Mkono haukusimama popote.
Hakuuliza kitu. Alilipa,
akaomba mfuko wa plastiki wa kufunikia sanduku.

Alipotoka, mlango ulijibamiza nyuma yake
kwa kishindo kilichoamsha nyuzi za magitaa yote ukutani.
Yaliendelea kuvuma, taratibu, kila moja na lake.
Clement akatukana kwa lafudhi ya kwao.
Mimi nikashuka ngazi, mvuani,
kutafuta tofali.