Maneno Saba kwa Uchache

Pernik, ghorofa ya tano, lifti imekufa tangu Pasaka.
Naitwa Zdravka, kazi yangu kubandika lebo:
picha huja hazina kauli, nami nazipa midomo,
maneno saba kwa uchache, hamsini ndiyo ukomo,
senti nne kwa picha, na chai ni juu yangu.

Bosi wangu, ambaye sijapata kumwona uso,
huniandikia kutoka jiji asilolitaja:
Ongeza mafanikio. Ongeza furaha.
Picha isiyo na furaha haiuziki.

Basi nikaongeza.
Nimempa furaha mgonjwa mdomo wazi kwa daktari wa meno,
nimelipa mafanikio bakuli la supu ya maharage,
mabata wamekuwa timu, ngazi imekuwa cheo,
na mwanamke aliyekuwa akikata kitunguu
nilimwandikia talaka, kwa sababu ya machozi.

Sikusema uongo. Nilisema karibu.
Karibu na kweli pana vyumba vya kupanga, bei nafuu,
nami nimeishi humo miaka sita.

Mwezi wa kwanza walipita mtaani wavaa ngozi,
jirani yangu Gavril ndani ya manyoya ya mbuzi,
kengele zimemwelemea kiunoni,
wakifukuza baridi na mabaya yake kama babu zao.
Wiki mbili baadaye nikamkuta kwenye foleni yangu,
ameshabandikwa na mtu aliyenitangulia:
Afrika, mganga, kabila, msitu, kale.
Nikacheka hadi chai ikanipalia.
Gavril! Fundi bomba!
Ambaye safari yake ndefu kuliko zote
ni kwenda Sofia kutibiwa goti.
Nilipomwonyesha, hakucheka. Akauliza,
"Na huko Afrika, wenyewe wamebandikwa nini?"
Sikuwa na jibu. Nilimmiminia rakia.

Halafu, Jumanne moja ya theluji iliyogeuka tope,
nikafungua picha: mlango.
Rangi ya kijani inayobambuka,
kitasa kimefungwa kwa waya.

Kwetu mtu akifa hutangazwa kwa karatasi,
sura yake, miaka yake, majina ya waliobaki,
ikabandikwa mlangoni, nguzoni, kituo cha basi,
na nyingine siku ya arobaini, na nyingine mwaka ukitimu,
hadi gundi ichoke au wafiwa wachoke.
Karatasi ile niliijua. Niliichapisha mwenyewe.
Lyuben Stoimenov, mchimba makaa,
ndani ya shati alilolichukia,
utepe mweusi pembeni kama nyusi moja.
Na chini ya picha, lebo za aliyeipiga:
uchaguzi, mgombea, kura, kampeni, ahadi, furaha.

Mgombea!
Baba, ambaye hakuwahi kugombea
hata kiti cha dirishani kwenye basi la mgodini.

Nikafuta. Moja moja, kama mtu anayejitoa miba.
Kwenye furaha kidole kilisita,
maana ilikuwapo, niliiona, kila Septemba,
akimenya pilipili za kuchoma huku vidole vinamuungua
na anatukana kwa raha zake.
Lakini si hii. Nikafuta.

Mashine ikagoma: maneno hayatoshi.
Nikaandika mlango. Nikaandika karatasi.
Gundi. Kijani.
Waya.
Nikaandika Lyuben, likarudishwa:
jina la mtu haliruhusiwi pasipo saini ya mwenyewe.

Nikakaa. Nje lori la chumvi likapita,
likapita tena.
Nikaandika hayupo,
nalo likapokewa bila swali.

La saba lilinikalisha hadi saa nne usiku.
Mwishowe, kati ya yale niliyoyatupa,
nikaokota moja, nikalirudisha: ahadi.
Kwa sababu alisema Jumamosi atakibadilisha kitasa,
na alikuwa ameshanunua skrubu.

Senti nne zikaingia.